Kununua nyumba ya kizamani inayohitaji ukarabati: namna ya kuamua kabla hujalipa

Mtu akiingia kwenye nyumba chakavu, kitu cha kwanza anachokiona ni jiko. Kabati zimepinda, rangi imechujuka, na bafu lina vigae ambavyo leo hakuna anayevitaka. Hayo ndiyo yanayowafukuza wanunuzi wengi, na ndiyo rahisi kuliko yote kubadilisha. Kinachoamua kama nyumba hiyo inafaa kimejificha juu ya dari, chini ya sakafu, ndani ya kuta na kwenye makaratasi. Ndiyo maana mwongozo huu unaiweka bei mwisho kabisa. Wengi huanza na bei, wakavutiwa nayo, kisha wakatumia wiki nzima kutafuta sababu za kuihalalisha.

Hatua ya 1: Anza na yale ambayo fundi hawezi kuyabadilisha

Fundi atakubadilishia kila kitu isipokuwa mahali. Barabara inayoingia, kelele, ukubwa wa kiwanja, mteremko wa ardhi, jengo la jirani linalokata jua: utaishi navyo hata umwage pesa kiasi gani. Kwa hiyo usikimbilie ndani. Tembea mtaa mzima kwanza. Rudi usiku, rudi asubuhi ya siku ya kazi, na mvua kubwa ikinyesha, nenda wakati huohuo ukaone maji yanapita wapi. Kiwanja kilicho chini ya usawa wa barabara hupokea maji ya mtaa mzima, na ukarabati wa ndani hauponyi tatizo hilo. Tafuta mstari wa tope kwenye uzio na kwenye nguzo. Zungumza na majirani, hasa wazee waliokaa hapo miaka mingi, na uwaulize jambo moja: mvua ikinyesha sana, maji hufika wapi?

Ukishaingia, tazama mpangilio wa vyumba kabla ya kutazama uchakavu wake. Kutoa ukuta wa kugawa chumba ni kazi ndogo. Kutoa ukuta unaobeba ghorofa au paa kunahitaji mhandisi akokotoe boriti ya kuupokea huo mzigo. Inawezekana, lakini si kazi ya kubahatisha. Choo ni kigumu zaidi, ingawa wengi hudhani kukihamisha ni suala la bomba tu. Bomba la maji taka la milimita 100 kwa kawaida hupewa mteremko wa karibu sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Ukikipeleka choo meta 6 kutoka kwenye bomba kuu, unahitaji kushuka sentimita 15. Hizo sentimita 15 zitatoka wapi? Kama sakafu ni zege juu ya ardhi, utaichimba. Kama ni ghorofani, huenda nafasi hiyo haipo kabisa.

Kimo cha dari nacho kipime kwa futi ya chuma, usikikadirie kwa macho.

Nyumba ikishindwa hapa, iache, hata iwe ya bei ya kutupa. Ikipita, endelea.

Hatua ya 2: Kagua mwenyewe, na ufuate maji

Beba tochi yenye mwanga mkali, bisibisi, pima maji (kifaa cha kupimia usawa), na simu ya kupigia picha. Tenga saa mbili. Dalali akikuharakisha, omba siku nyingine.

Uharibifu mwingi mkubwa wa nyumba huanzia kwenye maji, hivyo yafuate kuanzia juu hadi chini. Simama nje, mbali kidogo, uangalie mstari wa paa. Kama umebonyea katikati, kenchi zimechoka au zimelemewa. Panda darini ukiwa umezima tochi, kwa kuwa kila tundu la mwanga ni tundu la maji. Kisha washa, utafute madoa ya kahawia kwenye mbao, hasa pale zinapokaa juu ya ukuta na kuzunguka mabomba yanayotoboa paa. Sukuma ncha ya bisibisi kwenye mbao chache. Ubao mzima hukataa. Uliooza au kuliwa humeza ncha bila sauti. Ukiona vijia vyembamba vya udongo vinapanda ukutani, hiyo ni njia ya mchwa. Vunja kipande kidogo, urudi baada ya siku chache. Kikiwa kimejengwa upya, mchwa bado wamo.

Shuka kwenye kuta. Unyevu una asili tatu, na tiba ya kila mmoja ni tofauti kabisa, kwa hiyo kuzichanganya kunakugharimu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha alama upande wa chini, mara nyingi hadi kimo cha karibu meta 1, na juu yake hubaki mstari wa chumvi nyeupe inayopukutika. Unyevu unaopenya kutoka nje huonekana kama doa lenye mahali pake: chini ya dirisha, kando ya mfereji wa paa uliovunjika, nyuma ya bomba. Wa tatu ni mvuke wa ndani unaoganda kwenye kuta za baridi; huleta ukungu mweusi kwenye pembe, nyuma ya kabati na bafuni. Huu wa tatu mara nyingi hutibika kwa kupitisha hewa tu. Wa pili hutibika kwa kurekebisha mfereji au nyufa za nje. Wa kwanza ndio wa kuuchunguza kwa makini, na pa kuanzia ni nje: je, udongo umerundikwa hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani? Tabaka la kuzuia unyevu kwenye ukuta hutakiwa kuwa angalau milimita 150 juu ya ardhi. Mara nyingi miaka ya kumwaga kifusi, kujenga baraza na kupanda bustani imelifunika, na tiba huwa ni koleo la kuuondoa udongo huo.

Tahadhari kuhusu nyumba za mawe au matofali zilizojengwa kwa chokaa: ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Mtu akiupiga plasta ya saruji ili "kuuimarisha", anaufungia unyevu ndani, na baada ya muda plasta hubanduka vipande vipande. Ukiona ukuta mmoja tu wa chumba umepakwa rangi mpya, weka kiganja juu yake, unuse, uulize kilichokuwapo.

Sasa nyufa. Hapa watu huogopa kusikohitajika na kupuuza panapohitaji hofu. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Ufa ambao kadi haiingii kwa kawaida ni kazi ya fundi rangi. Ufa wa hadi milimita 5 bado mara nyingi huzibika, ingawa unastahili kuulizwa umetokana na nini. Ukizidi hapo, mwite mhandisi. Ukifika milimita 25, unazungumzia kubomoa na kujenga upya sehemu ya ukuta. Pamoja na upana, soma sura yake. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, unaopita ndani na kutokeza nje, unaonyesha kwamba msingi umetitia upande fulani. Tazama milango iliyo karibu: ikiwa imegoma kufunga, au imekatwa kwa juu ili ifunge, ushahidi umekamilika. Kilichobaki kujua ni kama mwendo huo umekwisha au unaendelea. Nyumba nyingi za zamani zilititia miaka mingi iliyopita zikatulia. Ufa uliojaa vumbi na rangi ya zamani ndani yake hutia moyo. Wenye kingo kali na safi unatia wasiwasi.

Umeme. Tazama ubao wa fyuzi, soketi na swichi, lakini usifungue chochote mwenyewe. Fyuzi za waya wa kuchomekwa, soketi moja kwa chumba kizima, na nyaya zilizofunikwa kwa mpira au kitambaa ni dalili kwamba utatandaza nyaya zote upya. Mpira wa zamani hukauka na kupukutika, na waya unabaki uchi ndani ya ukuta. Uliza pia kama kuna waya wa ethi na swichi ya kukata umeme unapovuja, ambayo kwa makazi hutakiwa kukata kwenye miliampia 30. Mfumo wa umeme ukihitaji kubadilishwa wote, usihuzunike sana, bali uuweke kwenye hesabu mzima mzima. Kubadilisha nusu yake ni kulipa mara mbili, kwa sababu plasta na rangi vitaharibiwa tena.

Mabomba yana majaribio mawili mazuri yasiyogharimu kitu. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji chooni. Mkondo ukinywea kabisa, na mabomba ni ya chuma cha zamani, kutu imeziba njia kwa ndani. Jaribio la pili: funga mabomba yote, piga picha mita ya maji, rudi baada ya nusu saa. Namba ikisogea ilhali hakuna anayetumia maji, yanavuja mahali, na mahali hapo huenda ni chini ya sakafu. Mabomba ya risasi, ya kijivu na laini kiasi cha kuchubuka kwa sarafu, yote yaondoke, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa watoto.

Fungua chemba za maji taka nje, mtu amwage maji chooni wewe ukitazama. Yanapaswa kupita haraka bila kutuama. Mizizi ya miti ndani ya chemba ni habari mbaya ambayo ni heri kuijua mapema.

Mwisho wa ukaguzi, uliza mwaka wa ujenzi, kwa ajili ya vitu viwili vya hatari. Asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, ilitumika sana kwenye mabati ya saruji, mbao za dari, vigae vya sakafu na vifuniko vya mabomba. Uingereza iliimaliza kwa sheria mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mzima mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008; kuna nchi ambako bado inatumika. Ikikaa nzima bila kuguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari huja inapokatwa, kutobolewa au kuvunjwa, yaani hasa wakati wa ukarabati. Rangi yenye risasi nayo ni vivyo hivyo: Marekani iliizuia majumbani mwaka 1978, na kuipiga msasa ikiwa kavu hujaza chumba vumbi la sumu. Vyote viwili hupimwa maabara kwa sampuli ndogo, na kuviondoa kuna gharama yake. Iulize kabla ya kununua.

Hatua ya 3: Walete wenye taaluma

Ukaguzi wako ni wa kuchuja. Nyumba iliyopita mikononi mwako sasa ipite kwa mkaguzi wa majengo au mhandisi anayelipwa na wewe, si na muuzaji wala dalali. Mpe orodha yako na picha zako, umwombe ajibu maswali mahususi: ufa huu bado unatembea? paa hili lina miaka mingapi mbele yake? Ripoti yenye kurasa nyingi za "inashauriwa kuchunguza zaidi" haikusaidii kuamua. Fundi umeme na fundi bomba waje kila mmoja kwa wakati wake. Ada zao zinauma, hasa nyumba ikiishia kukataliwa, lakini mimi naona hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari hii.

Hatua ya 4: Karatasi

Kazi hii mpe wakili, ila wewe ujue anachotafuta. Jina lililo kwenye hati ndilo la anayeuza? Kuna rehani, pingamizi la mahakama, au warithi ambao hawajakubaliana? Mipaka ya kwenye ramani inalingana na uzio uliopo? Kodi na bili za maji na umeme zimelipwa? Kuna mpangaji ndani, na mkataba wake unaisha lini?

Kwa nyumba ya kukarabati kuna mawili ya ziada. La kwanza ni vyumba vilivyoongezwa bila kibali cha ujenzi. Ukinunua, tatizo linakuwa lako, na mamlaka inaweza kukuamuru ubomoe. Linganisha ramani iliyoidhinishwa na nyumba unayoiona. La pili ni majengo yaliyolindwa kama urithi wa kihistoria: huko hata kubadilisha dirisha huweza kuhitaji ruhusa, na vifaa vinavyokubalika huwa ghali.

Hatua ya 5: Pata gharama ya kweli ya ukarabati

Ukimwuliza fundi "kuikarabati hii nyumba ni kiasi gani?", atakutajia namba ya hewani, na wewe utaishikilia. Andika kwanza orodha ya kazi chumba kwa chumba, pamoja na vipimo: meta za mraba za paa, idadi ya soketi, urefu wa mabomba, milango mingapi. Orodha hiyohiyo wape makandarasi watatu ili bei zao zilinganike. Kwa nyumba kubwa, mkadiriaji majenzi atakuandalia mchanganuo kamili. Bei iliyo chini sana kuliko nyingine mara nyingi imesahau kitu, na kilichosahaulika kitarudi kama "kazi ya ziada".

Gawa orodha mafungu mawili. La kwanza ni yale yasiyoepukika: paa, muundo, maji taka, umeme, mabomba, unyevu. La pili ni ya uso: jiko, bafu, sakafu, rangi. Fungu la kwanza likishakula bajeti yote, nyumba hiyo ni ghali mno kwako kwa bei inayotajwa, kwa sababu utabaki na nyumba imara isiyokalika.

Usisahau vitu vidogo vinavyokusanyika: kuondoa kifusi, kukodi jukwaa la kupandia, vibali, ada ya msimamizi. Na muda. Sakafu mpya ya mchanga na saruji hukauka kwa karibu milimita 1 kwa siku, kwa hiyo ya milimita 50 huhitaji wiki 7 au zaidi kabla ya kubandika mbao juu yake, na penye unyevunyevu hewani hukawia zaidi. Mkandarasi anayekuahidi sakafu ya mbao wiki ya pili hajakwambia ukweli.

Hatua ya 6: Piga hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Usianze na bei ya muuzaji ukaongeza gharama. Anza na thamani ya nyumba ikiwa imekamilika, kisha utoe. Thamani hiyo itokane na nyumba zinazofanana nayo zilizouzwa kweli mtaani hapo, maana bei ya kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Mthamini atakusaidia. Kila mtaa una dari yake ya bei, na jiko la kifahari haliitoboi.

Tuseme thamani ikikamilika ni 100. Toa:

- ukarabati: 25
- akiba ya dharura, asilimia 20 ya ukarabati: 5
- gharama za ununuzi, yaani wakili, kodi na usajili: 5
- gharama za kusubiri, yaani riba, pango la unapoishi sasa, bima: 4
- fidia ya usumbufu na hatari unayoibeba: 6

Jumla ni 45. Bei ya juu kabisa ya kulipa ni 55.

Sasa ijaribu hesabu hiyo kwa mabaya. Ukarabati ukizidi kwa asilimia 30, unakuwa 32.5. Ukiwa umenunua kwa 55, ukijumlisha na zile gharama za ununuzi na za kusubiri, umetumia jumla 96.5, na bado hujavuka thamani. Ukiwa umenunua kwa 65 kwa kuwa uliipenda, umetumia 106.5 kwa nyumba yenye thamani ya 100. Anayetaka kuishi hapo miaka 20 anaweza kuikubali hiyo tofauti kwa moyo mweupe, na si kosa, mradi awe ameiona kwenye karatasi kabla ya kusaini. Anayetaka kuuza baada ya mwaka asiikubali.

Akiba ya asilimia 20 usiipunguze ili hesabu ikubali. Kwa nyumba ambayo kuta zake hazijafunguliwa hata kidogo, mimi ningeipandisha.

Kama unakopa, mwulize mkopeshaji mapema. Wengi husita kukopesha nyumba isiyo na jiko au choo kinachofanya kazi, na wengine hushikilia sehemu ya mkopo hadi matengenezo fulani yakamilike. Na bima nyingi za nyumba hupunguza ulinzi nyumba ikikaa tupu, mara nyingi baada ya siku 30 au 60. Wajulishe kwamba ni nyumba ya matengenezo.

Hatua ya 7: Jiulize wewe mwenyewe

Nani atasimama na mafundi kila siku? Mtalala wapi? Kuishi ndani ya matengenezo huokoa pango, lakini hurefusha kazi, maana chumba kimoja lazima kibaki kinakalika kila wakati. Penye watoto wadogo, wajawazito au mwenye pumu, na nyumba ina rangi ya risasi au asbesto, jibu ni moja: hameni hadi kazi hiyo iishe na pasafishwe. Kaeni chini kama familia na mkubaliane mapema kipi kitasubiri pesa zikipungua. Mabishano ya wiki ya kumi, vumbi likiwa kwenye vitanda, ni mabaya zaidi.

Hatua ya 8: Toa ofa, au ondoka

Peleka ofa kwa maandishi, ukiambatisha ripoti ya mkaguzi na makadirio ya makandarasi. Muuzaji hubishana na maoni yako kirahisi kuliko anavyobishana na bei ya paa iliyosainiwa. Ifungamanishe ofa na masharti: hati isiwe na kasoro, ukaguzi ambao haujafanyika ufanyike, mkopo upatikane. Malipo ya awali yakae kwa wakili hadi masharti yatimie.

Ondoka bila kujadiliana zaidi iwapo msingi bado unatembea na hakuna anayeweza kukutajia gharama ya kuutibu, iwapo umiliki una mgogoro, iwapo muuzaji anakataa mkaguzi wako asiingie, au iwapo hesabu inakubali tu baada ya kuifuta akiba.

Bei ikikataliwa, acha mawasiliano yako na uondoke kwa heshima. Nyumba za namna hii mara nyingi hukaa sokoni muda mrefu. Muuzaji akikupigia miezi kadhaa baadaye kuikubali bei yako, omba ukague tena dari, kuta na chemba kabla ya kusaini. Nyumba iliyokaa tupu msimu mzima wa mvua si ileile uliyoipigia hesabu.